Jozi za Majibu na Uchaguzi wa Kipimo cha Takwimu: Mfano wa Mielekeo ya Lugha katika Visiwa vya Lamu

1. Utangulizi

Makala haya yamekusudiwa wanafunzi na wachunguzi wa lugha ambao, baada ya kurudi kutoka uwandani na hojaji zao, hujikuta wamekabiliwa na tarakimu wasizojua la kuzifanyia. Swali tunalolishughulikia ni moja. Mtu yule yule anapotoa daraja mara mbili, mara moja juu ya jambo hili na mara nyingine juu ya jambo linalolinganishwa nalo, ni kipimo gani cha takwimu kitakachotuambia kama tofauti tuliyoiona ni tofauti kweli au ni bahati tu? Mfano wetu unatoka katika visiwa vya Lamu, na tumeuchagua kwa sababu huko swali hili haliishii darasani.

Msomaji atakumbuka kwamba katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 lahaja ya Kiunguja ndiyo iliyokubaliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu, na kwamba mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kuisimamia kazi hiyo. Lahaja za kaskazini, ambazo ndizo zilizobeba sehemu kubwa ya ushairi wa kale uliohifadhiwa kwa maandishi, zikabaki kando. Hadi leo mtoto wa Amu hutoka nyumbani akisema mato, mai, moya na ndia, akafika shuleni akatakiwa aandike macho, maji, moja na njia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Nayo sera ya elimu inataka watoto wa madarasa ya mwanzo wafundishwe kwa lugha ya mahali wanapoishi. Je, lugha ya mahali pale Amu ni ipi? Mchunguzi anayeandika kwamba "Waamu wanaiona lahaja yao kuwa duni", au kwamba "hakuna tofauti yoyote", anaandika maneno ambayo mwalimu au mtunga vitabu anaweza kuyashika na kuyafanyia kazi. Iwapo maneno hayo yamezaliwa na kipimo kisichofaa, atakayelipa ni mtoto anayetiwa alama ya kosa kwa wino mwekundu kwa kuandika neno alilofundishwa na mamake.

2. Maana ya jozi

Njia inayotumiwa sana kuchunguza mielekeo ya watu juu ya lugha ilibuniwa na Wallace Lambert na wenzake mjini Montreal, nao wakaitangaza mwaka 1960. Walichukua wasemaji waliomudu sawasawa Kifaransa na Kiingereza, wakawarekodi wakisoma kifungu kimoja katika lugha zote mbili, kisha wakawataka wasikilizaji wakadirie tabia za kila "msemaji", pasipo kuwaambia kwamba sauti mbili ni za mtu mmoja. Kwa Lamu, tutamtafuta mtu aliyezaliwa na Kiamu na kukimudu barabara Kiswahili Sanifu, tumrekodi akieleza jambo moja kwa Kiamu, halafu kwa Sanifu. Kila msikilizaji atasikia sauti zote mbili, na baada ya kila sauti ataulizwa kama anakubaliana na usemi huu: "Msemaji huyu ni mtu wa kuaminika." Majibu ni matano, kutoka "sikubali kabisa" (1) hadi "nakubali kabisa" (5), kwa utaratibu ulioanzishwa na Rensis Likert mwaka 1932.

Basi kila mhojiwa ametupa tarakimu mbili, na tarakimu hizo mbili ni jozi. Kosa linalorudiwa mno katika tasnifu za wanafunzi ni kuzivunja jozi: madaraja yote ya Kiamu hutiwa kapu moja, ya Sanifu kapu la pili, kisha makapu hayo yakalinganishwa kana kwamba yalitoka kwa makundi mawili ya watu wasiojuana. Kufanya hivyo ni kuitupa faida tuliyoitafuta kwa taabu. Watu hawafanani kwa ukarimu wa kutoa alama. Yupo ambaye kila kitu kwake ni 4 au 5, na yupo ambaye hata apendezwe vipi hatapanda juu ya 3. Jozi inapohifadhiwa, kila mtu analinganishwa na nafsi yake, na tofauti hizo za tabia zinaondoka zenyewe. Nahodha hawezi kusema mashua ipi ina mbio zaidi kwa kuipima moja siku za kusi na nyingine siku za kaskazi. Zinashindanishwa siku moja, katika upepo mmoja. Mhojiwa mmoja ndiye upepo mmoja.

Yapo masharti mawili ambayo hakuna kipimo kitakachotuokoa tukiyapuuza. La kwanza, nusu ya wasikilizaji wasikie Kiamu kwanza na nusu Sanifu kwanza, kwa maana sauti ya kwanza huwa kipimio cha ya pili. La pili ni gumu zaidi kwa mji kama Amu. Wahojiwa wasijibu wakiwa pamoja barazani. Mzee akishasema "huyu ni mtu wa kuaminika", vijana walioketi naye hawatampinga, na majibu 12 ya baraza moja hayawi zaidi sana ya jibu moja lililorudiwa mara 12. Hesabu zote zitakazofuata hapa chini zinachukulia kwamba kila jozi imesimama peke yake.

3. Daraja si hatua

Kabla ya kuchagua kipimo, yafaa tujiulize tarakimu 1 hadi 5 zinabeba nini. Mwaka 1946 S. S. Stevens alitenganisha aina za mizani: iko inayotaja majina tu, iko inayopanga mambo kwa utaratibu wa juu na chini, iko ambayo nafasi baina ya alama zake ni sawa, na iko ambayo pia ina sifuri ya kweli. Urefu wa boriti ya mkoko ni wa aina ya mwisho. "Nakubali" na "nakubali kabisa" ni za aina ya pili: tunajua ipi iko juu ya ipi, lakini hatujui imeizidi kwa kiasi gani.

Jambo hili wanatakwimu hulitaja kwa sentensi moja wakapita. Sisi wanalugha hatuna ruhusa ya kupita, maana vidato vya mizani hii ni maneno, na maneno ndiyo kazi yetu. Je, kutoka "nakubali" hadi "nakubali kabisa" ni mwendo ule ule wa kutoka "sikubali" hadi "sikubali kabisa"? Kwa adabu ya mji wa Lamu, mgeni aliyebisha hodi na karatasi zake haambiwi "sikubali kabisa" kwa wepesi. Mtu anayefika huko amepita mlango mzito. Neno "kabisa" upande wa kukubali ni heshima tu. Upande wa kukataa ni kama kumfunga mtu kauli. Ama lile jibu la katikati, "sina hakika", lina matatizo yake. Kuna anayelichagua kwa sababu kweli yuko katikati, na kuna anayelichagua kwa sababu anaona si haki kumhukumu mtu asiyemjua kwa sauti tu, akakujibu kwamba Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye. Huyu wa pili hakusimama kati ya 2 na 4. Ametoka nje ya mizani. Sioni jinsi ya kumweka kwenye 3 kwa dhamiri safi, nami ningependelea hojaji iwe na nafasi ya pekee kwa jibu lake.

Ikiwa hayo ni kweli, kutoa 4 katika 5 na kutoa 1 katika 2, kisha kusema kwamba yote mawili ni "moja", ni dai linalohitaji kutetewa. Vipimo tutakavyovieleza sasa vinatofautiana hasa kwa kiasi cha dai hilo kinachohitajiwa na kila kimoja.

4. Vipimo vitatu na tarakimu zile zile

Tutumie mfano wa kubuni, ulio mdogo kusudi msomaji aweze kuuhakiki kwa kalamu. Wahojiwa ni 12. Madaraja waliyotoa, kwa utaratibu wa mhojiwa wa 1 hadi wa 12, ni haya:

Kiamu: 5, 4, 5, 4, 3, 5, 2, 4, 3, 2, 5, 3
Sanifu: 4, 3, 3, 4, 2, 4, 1, 2, 3, 5, 4, 2
Tofauti: +1, +1, +2, 0, +1, +1, +1, +2, 0, −3, +1, +1

Kipimo cha kwanza ni cha ishara, na ndicho kikongwe kuliko vyote. Mwaka 1710 John Arbuthnot, tabibu wa Malkia Anne wa Uingereza, alitumia wazo lake alipoonyesha kwamba kwa miaka 82 mfululizo watoto wa kiume waliobatizwa London waliwazidi wa kike. Hatuangalii tofauti ni kubwa kiasi gani. Tunaangalia iko upande gani. Wawili waliotoa madaraja sawa tunawaweka kando. Katika 10 waliobaki, 9 wamekipa Kiamu daraja la juu zaidi na 1 amekipa Sanifu. Kama kweli watu hawatofautishi, kila ishara ni sawa na sarafu iliyorushwa hewani. Sarafu 10 zina njia 1,024 za kuanguka. Njia ambazo upande mmoja, uwao wowote, utapata 1 au chini yake ni 22 tu. Uwezekano huo ni 0.021, yaani pungufu ya 1 katika 20, mpaka uliozoeleka tangu R. A. Fisher alipouenea kuupendekeza mwaka 1925. Tutasema: tofauti ipo, na imekielemea Kiamu.

Kipimo cha pili kilitolewa mwaka 1945 na Frank Wilcoxon, mkemia wa Kimarekani. Hapa tofauti zinapangwa kwa ukubwa bila kujali ishara, kila moja ikapewa nafasi, kisha nafasi za kila upande zikajumlishwa. Tofauti za 1 ziko saba, nazo zinagawana nafasi za 1 hadi 7, kila moja ikapata 4. Tofauti za 2 ziko mbili, kila moja ikapata 8.5. Ile ya −3 inashika nafasi ya 10. Upande wa Kiamu una jumla ya 45, upande wa Sanifu una 10. Katika njia zile zile 1,024, zinazoweza kuuacha upande mmoja na jumla ya 10 au pungufu ni 64, ambao ni uwezekano wa 0.0625. Umepita mpaka kidogo. Tukiufuata mpaka huo kwa ukali tutasema: hatuna ushahidi wa kutosha. (Majedwali yaliyochapishwa yanadai jumla isizidi 8 kwa jozi 10, lakini yalitengenezwa kwa tofauti zisizofungana, palipo na mafungano mengi kama hapa, ni bora kuhesabu njia zenyewe.)

Kipimo cha tatu ni cha t kwa jozi. Kilitokana na W. S. Gosset, mwajiriwa wa kiwanda cha bia cha Guinness huko Dublin, aliyekitangaza mwaka 1908 kwa jina la kujificha la "Student". Wastani wa tofauti zetu ni 0.67, mkengeuko wake ni 1.30, na thamani ya t ni 1.77, ilhali kwa jozi 12 inahitajika 2.20. Jibu: hatuna ushahidi, na safari hii tuko mbali zaidi na mpaka, kwa kuwa uwezekano ni zaidi ya 1 katika 10.

Vipimo vitatu, tarakimu zile zile, na majibu hayapatani. Mwanafunzi mwenye haraka atachagua linalompendeza. Mwenye subira atatafuta mahali palipozua ugomvi, na hatatafuta sana: ni mhojiwa wa 10. Lau angalitoa −1 badala ya −3, t ingekuwa 3.46, jumla ya nafasi upande wa Sanifu ingekuwa 4.5, na vipimo vyote vitatu vingesema tofauti ipo. Kipimo cha ishara kinamhesabu kuwa mtu mmoja dhidi ya tisa. Cha Wilcoxon kinampa nafasi ya juu kuliko wote. Cha t kinamchukulia kuwa ameshuka mara tatu ya walivyopanda wenzake.

5. Kuchagua

Katika mfano wake mashuhuri wa mwaka 1908, Gosset naye alikuwa na jozi: wagonjwa 10 waliopewa dawa mbili za usingizi, na saa za usingizi walizoongezewa na kila dawa. Saa moja ya usingizi ni saa moja, awe aliyelala ni nani. Kutoa na kugawa saa ni halali bila ya hoja. Nilipokuwa nikisoma ng'ambo kwa ajili ya shahada ya pili, mabishano juu ya kipimo cha t yalihusu zaidi kama tofauti zimetawanyika kwa umbo la kengele au la. Hilo ni swali, lakini jozi zikiwa nyingi uzito wake hupungua. Swali lisilopungua hata jozi zikifika elfu ni lile la sehemu ya tatu: wastani wa 0.67 ni 0.67 ya nini?

Kwa hiyo, kwa usemi mmoja wenye madaraja matano, mimi ninashauri kipimo cha ishara kiwe ndicho cha msingi. Hakidai chochote isipokuwa kwamba mhojiwa anajua alichokipandisha na alichokishusha. Watu hukidharau wakisema kinapoteza habari. Ni kweli kinapoteza ukubwa wa tofauti, lakini ni ukubwa ambao hatuna hakika kwamba tulikuwa nao. Udhaifu wake halisi ni kwamba hudai jozi nyingi zaidi ili kuiona tofauti ndogo. Na zikiwa jozi 5 tu zisizo sifuri hakiwezi kamwe kuufikia mpaka wa 1 katika 20, hata wote watano wakikubaliana.

Kipimo cha Wilcoxon kimeenea vitabuni kuwa ndicho cha mizani ya utaratibu. Tahadhari inahitajika hapa. Ni kweli kinapanga nafasi, lakini kinachopangwa ni tofauti, na tofauti zimepatikana kwa kutoa. Kukitumia ni kukubali kwamba kuanguka kutoka 5 hadi 2 ni kukubwa kuliko kupanda kutoka 3 hadi 4, dai ambalo huenda tukalikubali, na kwamba 5 kasoro 4 ni sawa na 2 kasoro 1, dai ambalo nimekwisha kuonyesha shaka yangu. Zaidi ya hayo kinachukulia kwamba, pasipokuwapo upendeleo, tofauti zingelala sawasawa pande zote mbili za sifuri. Wilcoxon mwenyewe aliwaondoa wenye sifuri. Mwaka 1959 J. W. Pratt akapendekeza nao washirikishwe katika kupanga nafasi kabla ya kuondolewa. Vyovyote iwavyo, idadi yao lazima itajwe. Waamu wawili katika 12 wanaoona sauti mbili zinaaminika sawasawa ni habari.

Mambo hubadilika mchunguzi anapotumia semi kumi au kumi na tano zinazogusa mwelekeo mmoja na kuzijumlisha. Jumla ya semi 15 huenda kutoka 15 hadi 75, na ukali wa kidato kimoja humezwa na vingine. Hapo Wilcoxon anastahili, na hata t haina ubaya. Lakini asiyezijumlisha, akapima kila usemi peke yake, ajue kwamba katika semi 20 mmoja hivi utavuka mpaka kwa bahati tupu, na akiuchagua huo na kuuandikia sura nzima atakuwa ameandika juu ya bahati.

Uamuzi wa kipimo na ufanywe kabla ya kusafiri, uandikwe, na mwalimu msimamizi apewe nakala. Katika ripoti yenyewe kisitajwe kipimo tu. Sentensi "katika 12, tisa walikiweka Kiamu juu, mmoja aliweka Sanifu juu, wawili hawakutofautisha" inamfaa msomaji wa Lamu kuliko thamani yoyote ya uwezekano.

6. Mhojiwa wa kumi

Inabaki kumzungumzia yule aliyetoa 2 na 5. Kumfuta kwa kuwa "amepotoka" hairuhusiwi. Tumtafute. Visiwa vya Lamu havina lahaja moja. Amu wanasema Kiamu, Pate wana Kipate, Siyu wana Kisiyu, na Faza, Kizingitini, Ndau na Kiwayu ni nchi ya Kitikuu, lahaja ya Wabajuni. Upande wa bara wa kaunti hiyo, Mpeketoni kwa mfano, wako walowezi wa tangu miaka ya 1970 ambao lugha zao za kwanza ni nyingine kabisa, na wageni wameongezeka tangu gati la kwanza la bandari ya Lamu lizinduliwe mwaka 2021. Ikiwa mhojiwa wetu wa kubuni anaishi Langoni lakini amezaliwa Faza, kwake Kiamu si lugha ya nyumbani inayoshindana na lugha ya shule. Ni lugha ya jirani, pengine ya jirani aliyemcheka utotoni kwa matamshi yake. Jozi yake inajibu swali jingine, na −3 yake inaweza kuwa jibu lenye maana kuliko yote kumi na mawili.

Hapo ndipo mpango unapopaswa kupanuliwa: sauti tatu, ya Kiamu, ya Kitikuu na ya Sanifu, zitolewe kwa wasikilizaji wa Amu na wa Faza. Majibu matatu ya mtu mmoja hayalinganishwi kwa vipimo vya jozi vilivyorudiwarudiwa. Yanaanza kwa kipimo cha Milton Friedman cha mwaka 1937, ambacho hupanga sauti tatu ndani ya kila mhojiwa na kujumlisha nafasi. (Ndiye yule mwanauchumi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1976, kazi hii aliifanya akiwa kijana.) Kikionyesha tofauti, ndipo jozi moja moja zitakapopimwa. Na pale ambapo mizani ya madaraja matano inawachosha watu, hasa wazee, swali linaweza kugeuzwa kuwa la ndiyo au la: "Ungependa mtoto wako afundishwe na mwenye sauti hii?" Majibu ya jozi za aina hiyo yana kipimo chake, cha Quinn McNemar cha mwaka 1947, kinachowaangalia tu wale waliosema ndiyo kwa sauti moja na la kwa nyingine. Kikihesabiwa kwa njia za sarafu, nacho ni kipimo cha ishara.